Jumapili ya Doha, Jumapili ya Kimilili

Jumatatu, 3 Novemba

Nimenunua hedifoni. Si ya kawaida hii. Inaunganishwa na vyombo viwili kwa wakati mmoja: kompyuta kwa kidude kinachochomekwa ubavuni, simu kwa bluetooth. Sauti za vyote viwili zinachanganyika ndani ya kichwa cha mtu mmoja. Kichwa changu. Nick, dereva Mganda anayeuza vitu vya umeme kwenye buti la gari lake hapa Abu Hamour, aliapa kwamba Doha nzima ziko chache sana. Nilimuuliza kuhusu maelezo ya matumizi. Akasema kijitabu kipo, ila ni cha Kichina, na kwamba mtu mwenye akili hahitaji kijitabu. Nikaona huyu mtu ana macho.

Sababu ya kununua ni Nasimiyu. Jumapili hii watu wangu wanakwenda kwao Kimilili, huko Kenya, kujitambulisha rasmi. Mjomba Wafula anaongoza msafara. Mimi nitakuwa kwenye simu ya video, na itafika mahali ambapo lazima niseme kwa mdomo wangu nimefuata nini katika boma lile. Maneno hayo yasiposemwa, hakuna uchumba.

Shida ni kalenda. Jumapili Kimilili ni siku ya kanisa na kupumzika. Jumapili Doha ndiyo mwanzo wa juma la kazi, na saa nane mchana tuna mkutano mkuu wa idara ya kompyuta, kwa mtandao, kila mtu mbele ya kompyuta yake. Mudiri, ndivyo tunavyomwita meneja hapa, atamtaja naibu wa msimamizi wetu Damaris. Naibu ni mimi au mwenzangu Kiprop. Ugeni wa Kimilili nao ni saa nane. Hata tofauti ya saa hakuna ya kusingizia, maana wao wakila chakula cha mchana nasi tunakula.

Nasimiyu alinishauri nimwombe Damaris ruhusa kidogo tu. Ni Mkenya mwenzetu, ataelewa. Nikasema sawa. Sitaomba. Anayeomba ruhusa juma la uteuzi anampisha Kiprop, na Kiprop hapishwi, Kiprop huyo anayepiga pasi hata soksi. Wala sitamwambia baba yake Nasimiyu abadilishe siku. Yule ni mzee wa kanisa. Akisikia mkwe wake mtarajiwa anafanya kazi Jumapili, mimi nimekwisha.

Kwa hiyo nitahudhuria kote kuwili. Wengine wangelia.

Jumanne, 4 Novemba

Jaribio la kwanza. Ushindi mtupu.

Nimerudi kutoka kazini Lusail, metro imejaa, nikaoga, nikakaa kitandani. Kwenye kompyuta nikaweka mpira. Kwenye simu nikampigia Nasimiyu, ambaye alikuwa amemaliza zamu hospitalini kwao hapa hapa Doha. Ajabu. Mtangazaji na Nasimiyu wakawa wanakaa pamoja kichwani mwangu kwa amani, kama wapangaji wawili wa chumba kimoja. Kuna kigurudumu upande wa kulia: ukikizungusha mbele, Nasimiyu anapanda, ukikirudisha, mpira unapanda.

Nasimiyu alizungumza kwa urefu. Baba yake, Ijumaa, Jumapili, kazi ya unesi, baba yake tena. Nilisikia karibu yote, isipokuwa pale bao lilipoingia. Akaniuliza kama hivyo ni sawa kwangu. Nikajibu ni sawa kabisa. Akafurahi sana, akasema alijua nitaelewa, nimwambie tu nikiamua. Sijui niamue nini, lakini mwanamke akifurahi haulizwi maswali.

Tony, tunayeishi naye chumba kimoja, aliniuliza kwa nini nacheka peke yangu. Nikamwambia sicheki peke yangu, nacheka na watu wawili. Akageukia ukuta.

Alhamisi, 6 Novemba

Hitilafu ndogo. Naiandika kwa faida ya sayansi.

Alhamisi jioni huwa na ushirika wa maombi wa mtandaoni, kwa sababu zamu zetu hazituruhusu kukaa pamoja. Nikaingia kwa kompyuta. Papo hapo Mjomba Wafula akanipigia kwenye simu kunieleza mpango wa Jumapili. Mtu mwingine angekata kimoja. Mimi nikavisikiliza vyote. Mjomba alikuwa amefika kwenye habari za ndama wake aliyevimba tumbo pale kiongozi wa ushirika aliposema Ndugu Benard atatufungia kwa maombi.

Nikaomba. Sijapata kuomba vile. Nikawaombea wagonjwa wainuke, walio mbali wafike salama, wenye mizigo tumboni wapate nafuu. Nilipomaliza, nikasikia Mjomba analia. Akasema tangu azaliwe hakuna kijana aliyemwombea ndama wake kwa moyo namna ile. Upande wa pili ushirika ulikuwa umeona midomo yangu ikicheza bila sauti. Wakangoja, kisha Kiprop akajitolea kufunga yeye. Aliomba kwa mistari mitatu ya Biblia, kwa kichwa, na watu wakampelekea makofi.

Nimefanya uchunguzi. Ni hivi: masikio yanapokea vyombo vyote viwili, lakini maiki inakwenda kwa kimoja tu. Kuna kitufe kidogo kwa nyuma. Ukikibonyeza, maiki inahama, na mwanamke fulani ndani ya hedifoni anatangaza jambo kwa Kichina. Nimemsikiliza kwa makini. Akisema neno fupi, maiki iko kwenye simu. Akisema neno refu, iko kwenye kompyuta. Sasa tunaelewana mimi na yeye.

Jumamosi, 8 Novemba

Matayarisho. Kwenye ghorofa ya tatu ya ofisi kuna stoo ya karatasi ambayo haiingii mtu. Nitajifungia humo na kompyuta. Mudiri nitamwambia kamera yangu ni mbovu. Kimilili wataniona kwenye simu nikiwa na tai, na nyuma yangu shuka ya Tony yenye maua, nimeitundika vizuri ili paonekane ni sebuleni. Tony alikataa kuitoa. Alisema mtu anayeogopa kumwomba msimamizi wake ruhusa lakini haogopi kuomba shuka ya mwenzake ana kasoro. Nikamwoshea vyombo vyote. Akaitoa.

Maneno yangu nimeyashika. Nimempenda binti yenu tangu siku ya kwanza nilipomwona. Naomba mnipe. Nitamtunza mpaka tuzeeke. Nasimiyu aliniambia jambo moja tu nisilisahau: anayeuliza maswali siku hiyo si baba yake, ni Senge Peninah, yaani shangazi yake, dada ya baba. Mwalimu mstaafu wa Kiingereza. Akikukataa senge, baba hana la kuongeza.

Nasimiyu aliniuliza pia kama nimeamua. Nikasema nimeamua. Akauliza basi ni Jumapili au. Nikasema Jumapili, bila shaka. Akasema haya, kama nina hakika.

Jumapili, 9 Novemba

Naandika tai ikiwa bado shingoni.

Mwanzo ulikwenda vizuri mno. Saa nane kamili nilikuwa stoo, nimekaa juu ya maboksi ya karatasi, tai shingoni, maua ya Tony mgongoni. Kulia na kushoto nikawa na Doha na Kimilili pamoja. Mudiri anaeleza bajeti ya wino, mchungaji anafungua kwa sala. Damaris anahesabu simu za wateja, Mjomba Wafula anasifu barabara ya kuingia kwenye boma. Nilikuwa natikisa kichwa mahali panapofaa. Nilijisikia kama mfalme.

Nasimiyu naye alikuwa kwenye simu ile, katika kidirisha chake, amevaa gauni la kijani. Alikuwa mzuri kiasi kwamba nilisahau ripoti nzima ya Kiprop, ambayo sasa naambiwa ilikuwa nzuri.

Kisha mambo yakaja pamoja. Senge Peninah akasema wameshamsikia mjomba, sasa kijana mwenyewe aseme, huyu binti yetu anamwonaje. Wakati uo huo mudiri akauliza habari za printa ya ghorofa ya tatu, ambayo ni jukumu langu. Na akaongeza: kuna mashine kubwa mpya inakuja, nani ataichukua awe mlezi wake?

Nikatulia. Wakwe kwanza, kazi baadaye. Maiki nilikuwa nimeiacha kwenye simu, nina hakika. Lakini pale pale yule mwanamke wa ndani akasema maneno marefu kuliko yote aliyowahi kusema. Marefu, nikajua maiki imejihamisha yenyewe kwenda kwenye kompyuta. Nikabonyeza kitufe kuirudisha, bila kumngoja atangaze tena.

Nikaweka mkono kifuani. Nikasema nimempenda tangu siku ya kwanza nilipomwona. Naomba mnipe. Nitamtunza mpaka tuzeeke. Sauti ilitoka vizuri, hata mimi ilinigusa.

Nikabonyeza tena. Sasa mudiri. Kwa Kiingereza, kwa utulivu wa mtaalamu, nikaeleza kwamba nilipopewa kitu hiki tayari kilikuwa kimechoka. Walionitangulia walikitumia vibaya. Asubuhi kinapiga kelele kabla hakijapata joto. Nimekivumilia kwa muda mrefu, lakini ushauri wangu ni tukirudishe kilikotoka, tuchukue viwili vipya.

Kimya. Pande zote mbili. Nilitabasamu, nikidhani ni heshima.

Wa kwanza kuvunja kimya alikuwa mudiri, aliyeuliza kama kuna mtu wa kumtafsiria. Kiprop akajitolea, kama kawaida yake. Akamweleza kwamba Benard anasema aliipenda mara ya kwanza alipoiona, anaomba apewe, na ataitunza hadi uzee. Mudiri akasema hajapata kumwona mfanyakazi mwenye moyo kama huo kwa mashine.

Wa pili alikuwa Senge Peninah. Kwa Kiingereza safi, cha ubaoni, aliomba nirudie pale kwenye viwili vipya.

Nilimwona Mjomba Wafula akivua kofia na kuishika mapajani. Nilimwona baba yake Nasimiyu akiinuka na kutoka nje ya picha. Nikaanza kueleza. Nilieleza mengi, kwa machozi, kuhusu kitufe na mwanamke wa Kichina. Wote waliniangalia tu. Baadaye nikagundua maiki ilikuwa tayari imezimika. Kidirisha cha Nasimiyu kikawa cheusi. Shuka ya Tony ikadondoka, nyuma yangu wakabaki wanaona maboksi ya karatasi.

Niliogopa. Si kumwogopa senge, wala mudiri. Niliogopa kwamba huyu mtu, ambaye hunisubiri kituo cha metro na chakula ndani ya kopo hata akiwa ametoka zamu ya usiku, hataniangalia tena usoni.

Jumatatu, 10 Novemba

Nick amefafanua. Maneno yale marefu yalikuwa ni taarifa kwamba betri inakwisha. Maiki haikuwa imehama kabisa. Ilikuwa mahali pake mpaka nilipoihamisha mimi. Nikamwambia angenieleza mapema. Akasema kwa Kiganda chake, ssebo, yaani bwana, mimi nauza hedifoni, siuzi Kichina.

Kiprop ni naibu. Alinishika mkono mbele ya watu akaniambia aliitafsiri kadiri alivyoweza. Mimi nimekuwa mlezi wa mashine mpya. Inahudumiwa Ijumaa, wengine wakiwa mapumzikoni, kwa hiyo Ijumaa zangu zote zimekwenda, kanisa na yote. Mudiri alinipigapiga begani. Ana imani nami.

Damaris aliniita pembeni. Nilitarajia barua ya onyo. Badala yake aliniuliza kwa upole kwa nini sikumwomba ruhusa. Alisema mwezi uliopita Kiprop aliomba siku nzima kwa ajili ya arusi ya dada yake, akapewa. Aliniambia pia maneno yangu ya jana, yeye akiyasikia kwa Kiswahili, yalimfanya azime kamera yake kwa muda. Nikarudi kwenye meza yangu.

Nasimiyu hapokei.

Jumanne, 11 Novemba

Amepokea. Tukakutana kwenye kibanda cha chai ya karaki, ile ya maziwa na iliki, karibu na makazi ya manesi. Hakuagiza chai. Hiyo ilikuwa dalili mbaya.

Nikaanza na utetezi mkubwa. Nikasema yote niliyafanya kwa sababu ya baba yake, mzee wa kanisa, ambaye asingemtoa binti kwa mtu anayefanya kazi Jumapili. Nasimiyu akaniuliza yeye mwenyewe hufanya kazi gani. Nikasema nesi. Akaniuliza wagonjwa wa Doha huwa wanapona Jumapili.

Sikuwa nimelifikiria hilo.

Akasema baba yake anajua toka zamani kwamba Jumapili hapa ni siku ya kazi. Juma lililopita mzee mwenyewe ndiye aliyependekeza ugeni uhamishiwe Ijumaa, siku ambayo sote wawili tungekuwa huru. Nasimiyu alinieleza hayo Jumanne iliyopita kwa simu, neno kwa neno. Nilijibu ni sawa kabisa. Jumamosi alinikumbusha, nikachagua Jumapili kwa mdomo wangu.

Nikakumbuka lile bao. Halikuwa hata la timu yangu.

Nililia pale kwenye kibanda, mbele ya Mhindi wa chai. Nilimwambia nampenda. Nilimwambia bila kifaa chochote, na kwa mara ya kwanza yakamfikia aliyekusudiwa. Akavuta kikombe changu, akanywa kidogo. Akasema amezungumza na senge wake siku mbili nzima. Senge amekubali nafasi moja ya mwisho. Ijumaa hii, saa nane. Masharti ni mawili. Niseme maneno yale mwenyewe, na kabla sijafungua mdomo nigeuze kichwa kulia na kushoto mbele ya kamera, wayaone masikio yangu yote mawili yakiwa wazi.

Nikakubali. Nikamshukuru Mungu. Nimerudi nyumbani kwa miguu, kituo kizima cha basi, nikiwa mtu mpya.

Jumatano, 12 Novemba

Mtu mpya amekumbuka kwamba Ijumaa saa nane ni zamu ya mashine.

Tony anasema nimwombe Damaris, si ameshasema angenipa. Ni kweli alisema. Lakini nimeipata kazi hii juzi tu, mudiri ana imani nami, na Kiprop ni naibu, ndiye atakayenishikia zamu. Kiprop aiguse mashine yangu? Mashine niliyoiomba kwa mkono kifuani?

Nimefikiri kwa kina. Senge anataka masikio yaonekane yakiwa wazi. Hakusema habari za mifupa. Na Nick ana kifaa kipya kinachokaa nyuma ya shingo na kupitisha sauti kwenye mfupa wa kichwa. Masikio yanabaki matupu kabisa, hata daktari hawezi kuona kitu. Kinaunganishwa na vyombo vitatu. Vitatu! Simu ya Kimilili, kompyuta ya ofisi, na kimoja cha akiba.

Jioni hii nikavaa hedifoni yangu ya zamani, nikampata Nick kwenye kompyuta, nikaanza kuvutana naye kuhusu bei. Nilikuwa nimefika mahali pazuri pale Nasimiyu alipopiga kwenye simu. Sikutaka kumpoteza yeyote. Nikawapokea wote, nikabonyeza kitufe kumwitikia Nasimiyu.

Sauti yake ilikuwa ya chini. Alisema hataki kunisumbua, anataka neno moja tu kabla ya Ijumaa ili apate usingizi. Niape kwamba mchezo wa kusikiliza watu wawili umekwisha, na kwamba kuanzia leo akizungumza yeye, namsikiliza yeye.

Iliniingia moyoni. Nikazungusha kigurudumu, nikamweka Nick chini kabisa. Nikabonyeza kitufe tena ili niwe na uhakika, mwanamke wa Kichina akasema neno lake, sikungoja kujua ni fupi au refu. Nikafumba macho. Nikaapa kwa jina la mama yangu kwamba hakuna mwingine masikioni mwangu, wala hatakuwapo, kwamba nimejifunza, na kwamba Ijumaa nitakuwa wake peke yake kuanzia kichwani hadi vidoleni.

Kisha, kwa mbali, nikasikia Nick akisema, ssebo, kiapo chako nimekisikia na nimekiheshimu, lakini hata ukiniapia hivyo, kifaa siwezi kukutolea bure.

Halafu Nasimiyu akauliza kama bado nipo.

Nikabonyeza haraka, nikamwambia nipo, mtandao tu unasumbua. Akauliza kama nina mtu mwingine kwenye laini. Nikamwambia niko naye peke yake. Akasema sawa, basi niape.

Nikaapa tena. Mara hii nadhani ilimfikia yeye, maana alishusha pumzi na kuniambia ananiamini.

Nick analeta kifaa kesho jioni. Kina maiki mbili.